Asubuhi unasimama, usiku unagoma: jibu kwa bwana harusi wa Dodoma

Swali: "Shikamoo daktari. Nina miaka 29, naishi Dodoma, nimeoa miezi mitano iliyopita. Usiku wa harusi nilishindwa tendo la ndoa, nikajua ni uchovu. Wiki ile ile nikasema leo lazima, nikashindwa tena. Tangu hapo tukiwa tunachezeana uume unasimama vizuri, nikitaka kuingiza tu unalala. Ajabu ni kwamba alfajiri naamka umesimama kama kawaida, na nikiwa peke yangu hauna shida. Nimetumia vumbi la Kongo, nimekunywa supu ya pweza, nimemeza kidonge cha duka la dawa, hakuna kitu. Mmoja ameniambia nina ngiri, mwingine anasema punyeto ya ujanani imeua mishipa, shangazi anasema kuna mwanamke amenifunga. Mama mkwe ameshaanza kuulizia mjukuu. Mke wangu siku hizi analala amenipa mgongo. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Katika barua yako yote, sentensi yenye uzito kuliko zingine ni ile uliyoipitia haraka: kwamba alfajiri unaamka umesimama, na ukiwa peke yako hauna shida. Naona huko mtaani hakuna aliyekuuliza habari hiyo kabla ya kukuuzia dawa. Kwangu lingekuwa swali la kwanza.

Mwanaume mwenye afya, akiwa usingizini, husimamisha mara tatu hadi tano kwa usiku mmoja, na kila mara yaweza kuchukua karibu nusu saa. Hutokea hasa katika kipindi cha ndoto, pale macho yanapochezacheza chini ya kope, na si lazima ndoto iwe ya mapenzi. Ule wa alfajiri ni wa mwisho katika mfululizo huo. Unaujua kwa sababu umeamka nao. Mwaka 1980 madaktari fulani walieleza kipimo cha kuchekesha kidogo: unauzungushia uume mkanda wa stempu za posta zilizoungana, unalala, na ukiamka ukakuta zimechanika kwenye vitobo vyake, basi usiku ulisimama. Wewe usijisumbue kutafuta stempu. Majibu ya kipimo hicho umeshaniandikia.

Maana yake ni kwamba damu inafika na neva zinafanya kazi. Kwa kijana wa miaka 29 ambaye tatizo lilianza ghafla, na linatokea sehemu moja tu, na mtu mmoja tu, na dakika moja tu, mimi ninatafuta chanzo kichwani kabla ya kushuka chini.

Ngiri basi tuiweke pembeni. Ngiri ni utumbo unaochungulia kwenye sehemu dhaifu ya misuli ya kinena. Huvimba, huuma unapobeba mzigo, na anayeitibu ni daktari wa upasuaji. Huna hata dalili moja ya hizo.

Punyeto nitaisemea zaidi, maana najua imekunyima usingizi. Vijana wanaoniletea hofu hii ni wengi mno, na wengi wao wameisoma kwenye tangazo linalouza dawa yake. Wanakuuzia hofu kwanza, chupa baadaye. Punyeto haiui mishipa, wala hainyauzishi uume. Mishipa iliyokufa haina ratiba, haiwezi kufufuka alfajiri ikafa tena saa nne usiku. Ninachokubali ni kwamba mtu aliyezoea kwa miaka kubana kwa mkono, haraka haraka, huku picha za ngono ziko machoni, anaweza kuuona mguso wa kawaida wa mke wake ni mdogo. Hayo ni mazoea. Yapumzishe, pamoja na hizo picha, kwa muda wote utakaokuwa kwenye tiba nitakayokueleza.

Na shangazi? Sitabishana naye, ni mzazi na anakutakia mema. Ila mtazame vizuri huyo mfungaji wake. Amekuachia alfajiri, amekuachia ukiwa peke yako, amekuachia hata michezo na mkeo, akaja kukufunga sekunde ile ya kuingiza. Kuna jambo linatokea sekunde hiyo, na linaelezeka bila mganga.

Watu wengi hushangaa wakisikia kwamba uume husimama kwa kulegea. Ndani yake kuna misuli laini ambayo muda mwingi imekaza. Msisimko ukija, neva zinazotoka sehemu ya chini kabisa ya uti wa mgongo hutoa kemikali iitwayo naitriki oksaidi, misuli ile inalegea, damu inajaa, na kule kujaa kunabana mishipa ya kutolea damu ili isirudi. Neva hizo ni za upande wa utulivu, ule unaofanya kazi mtu akiwa salama. Upande wa pili ni wa kujihami. Ukikurupushwa na mbwa usiku, adrenalini inamwagika, moyo unapiga mbio, damu inakwenda miguuni, na misuli ya uume inakaza upya. Hapo damu inaondoka. Mwili wako haujali kama kilichokutisha ni mbwa au ni wazo la "nikishindwa tena leo itakuwaje".

Sasa rudi kwenye usiku wa harusi. Sijui kwenu ilikuwaje, lakini harusi zetu nazijua: kamati, michango iliyopungua, mwenye ukumbi anadai, picha mpaka usiku wa manane, na pengine glasi mbili tatu za kuchangamka. Mwanaume yeyote angeweza kushindwa usiku huo, na wengi hushindwa ila hawasemi. Ungelala, mkacheka asubuhi, yangeisha. Tatizo lilizaliwa wiki ile uliposema leo lazima. Kusimama hakuamrishwi, ni kama usingizi tu: ukiulazimisha uje, unakesha.

Kuanzia siku hiyo ukawa unaingia kitandani na kazi mbili. Moja ya kuwa na mke wako, nyingine ya kuukagua uume. Umesimama? Umesimama vya kutosha? Umeanza kulegea? William Masters na Virginia Johnson, watafiti wa Marekani walioandika juu ya tiba hii mwaka 1970, walisema mwanaume wa aina yako anageuka mtazamaji wa tendo lake mwenyewe. Baadaye, miaka ya 1980, mwanasaikolojia David Barlow na wenzake wakalipeleka jambo hili maabara. Walichukua wanaume wasio na tatizo, wakawaonyesha filamu ya ngono huku wakiwatisha kwamba wanaweza kupigwa shoti ya umeme. Ungetegemea msisimko wao ushuke. Ulipanda. Wenye tatizo kama lako, tishio la namna hiyo huwashusha. Mimi napenda sana matokeo hayo kwa sababu yanaonyesha kwamba woga peke yake hauangushi mtu. Akili ya asiye na tatizo hubaki kwa mwanamke hata moyo ukidunda. Akili yako inamwacha mkeo na kuhamia kwenye ukaguzi. Na ukaguzi mkubwa kuliko wote unafanyika pale pale unapotaka kuingiza, ndiyo maana unalala hapo.

Kabla sijaendelea, muulize mkeo kwa upole kama anaumia wakati huo, au kama misuli yake inajibana bila yeye kutaka. Nimeona ndoa ambapo kila mtu anamtibu mume, kumbe mke amejawa na maumivu na woga, mume anakutana na mlango uliofungwa, naye analegea. Kama ndivyo, naye atahitaji kuonwa, na tiba yake ipo.

Tiba yako inaanza kwenye mazungumzo. Unasema analala amekupa mgongo, na nadhani umetafsiri kuwa amekasirika. Wake ninaozungumza nao huwa wanajiuliza moja kati ya mawili: ana mchepuko, au mimi simvutii? Miezi mitano ya kimya inatosha kumfanya aamini yote mawili. Usimwambie kitandani baada ya kushindwa, maana hapo kila neno linasikika kama udhuru. Mwambie mchana, mkiwa mnatembea au mnakula, kwa maneno yako, mfano: "Mke wangu, mimi nakutaka. Hili halitokani na wewe wala hakuna mwanamke mwingine. Nikifika pale naingiwa na woga wa kushindwa, na woga ndio unaniangusha. Nimemuuliza daktari, kuna mazoezi ya watu wawili. Naomba tuyafanye pamoja." Wanaume huona kusema hivi ni kujivua nguo. Ninavyoona mimi, kazi kubwa inafanyika siku hiyo hiyo, kwa sababu siri ikishatoka, kazi ya kuificha nayo inakwisha.

Mkishaelewana, kuingiza ni marufuku kwa wiki kadhaa, hata kama umesimama kama msumari. Najua inasikika kinyume, mtu aliyekuja kwa sababu hawezi naye anakatazwa. Lakini fikiria kinachoondoka chumbani mkijua wote wawili kwamba leo hakuna kuingiza: hakuna wa kupima, hakuna wa kushindwa. Masters na Johnson waliijenga tiba yao juu ya katazo hili, na mpaka leo sisi tunaotibu wanandoa tunalitumia.

Mara mbili au tatu kwa wiki, tengeni kama nusu saa. Simu zizimwe. Kama mnaishi chumba kimoja cha kupanga na jirani anasikia mpaka kikohozi, washeni redio kidogo, na chagueni saa ambayo hakuna mtu wa kugonga mlango. Mmoja analala, mwenzake anamgusa mwili mzima polepole, isipokuwa matiti na sehemu za siri. Baada ya robo saa mnabadilishana. Mafuta ya nazi yanafaa. Anayegusa agusie raha ya mkono wake mwenyewe: joto la mgongo, ulaini wa ndani ya kiwiko, mahali nywele za shingo zinapoanzia. Anayeguswa ana kazi ya kusema tu pale panapomuuma au panapomkera. Akili yako itatoroka kwenda kukagua huko chini, lazima itatoroka. Ukigundua, usiigombeze, irudishe mkononi. Itatoroka tena, irudishe tena. Hilo ndilo zoezi lenyewe, na ukisimama au usiposimama ni mamoja.

Wiki ya pili au ya tatu, mkiwa mmetulia, ongezeni matiti na sehemu za siri, bado bila kuingiza na bila kulenga kufika kileleni. Hapa kuna zoezi ambalo kwa mtu wa aina yako nalithamini kuliko kidonge chochote. Ukisimama, acheni. Lala chali, pigeni hadithi, mwambie aliyoyasema bosi wako, mpaka uume ulale kabisa. Kisha anzeni tena kugusana. Utarudi. Uacheni ulale tena, na tena. Kwa miezi mitano umeamini kwamba ukilala ndiyo basi, usiku umekwisha, ugeuke ukutani. Ukishaona kwa macho yako unalala na kurudi, unalala na kurudi, ule msiba unaisha nguvu.

Hatua inayofuata ni mkeo kuwa juu. Yeye ndiye anayeongoza, kwa mkono wake, anauingiza na wote mnatulia, hakuna kujisukuma. Dakika chache za kuhisi tu, kisha unatoka. Nimempa yeye kazi hiyo makusudi, maana ile sekunde ya kuingiza ndiyo iliyokuwa ya ukaguzi kwako, na sasa haipo mikononi mwako. Siku nyingine ongezeni mwendo kidogo. Ukilala katikati, rudini hatua moja nyuma bila kuombana radhi.

Nikuonye sehemu wengi wanapoharibu. Wiki ya kwanza tu, kwa kuwa hakuna shinikizo, uume unasimama vizuri, bwana anaona bora auwahi kabla haujalala. Anauwahi, unalala, wanarudi mwanzo na sasa na mke amekata tamaa. Huko kuwahi ndiko kulikokuleta kwangu. Usiuwahi.

Sambamba na mazoezi, chukua daftari uandike mawazo yanayokujia kabla ya kulala na mkeo. Huwa yanajirudia: ataniacha, atawaambia dada zake, mwanaume kamili hakosi mabao matatu. Hilo la mabao limetoka vijiweni, ambako kila mtu anashinda kila usiku na hakuna mwamuzi. Muulize mkeo kama anataka matatu. Majibu yake yanaweza kukupumzisha.

Tuje kwenye kidonge. Nadhani ulichomeza ni sildenafil, dawa iliyoanza kuuzwa mwaka 1998 kwa jina la Viagra. Watafiti wake huko Uingereza walikuwa wanaitafutia kazi ya maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, wakakuta ina kazi nyingine. Haisimamishi uume yenyewe. Inachofanya ni kuzuia kemikali ya mwili inayozima ile kazi ya naitriki oksaidi. Kama msisimko haujawasha chochote, dawa haina cha kulinda. Huchukua nusu saa hadi saa moja kuanza, na ukila chakula chenye mafuta mengi hucheleweshwa kama saa nzima zaidi. Sasa mtu amekula pilau na nyama, amemeza, amekaa kitandani anaangalia saa na kujishika kila dakika kuona kama imeshafika. Adrenalini imejaa, tumbo limejaa. Akishindwa anasema hata dawa imekataa, basi mimi nimekwisha.

Siichukii dawa hii. Kwa baadhi ya wanaume wenye tatizo la wasiwasi huwa naiandika kwa muda mfupi, dozi ndogo, pamoja na mazoezi, ili wapate usiku kadhaa wa kufanikiwa na imani irudi, kisha tunaipunguza. Lakini iandikwe na daktari aliyekupima. Kwa mtu anayetumia dawa za moyo za kundi la nitreti inaweza kuporomosha presha mpaka akafa. Na kwa yeyote, uume ukisimama zaidi ya saa nne bila kulala, ni dharura; aende hospitali usiku huo huo, asisubiri asubuhi wala asione haya.

Vumbi la Kongo acha. Hakuna anayejua mle ndani mna nini, na hilo ndilo linaloniogopesha. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imekuwa ikitoa maonyo kila mara kuhusu bidhaa za "asili" za nguvu za kiume zilizokutwa na sildenafil iliyofichwa bila kutajwa. Mtu anadhani anatafuna mizizi, kumbe anameza dawa ya kizungu kwa dozi isiyojulikana, pengine juu ya kidonge kingine. Supu ya pweza ni chakula kizuri, kunywa ukiipenda, ila usiinywe huku unahesabu saa.

Hata kama nimesema chanzo kiko kichwani, nenda ukapimwe mara moja: presha, sukari, lehemu (kolesteroli). Mishipa ya damu ya uume, yenye upana wa milimita moja hadi mbili, ni myembamba kuliko ile ya moyo. Ikianza kuziba, kwa baadhi ya wanaume uume hulalamika miaka kadhaa kabla ya kifua. Kwako nategemea vipimo viwe safi, na karatasi ya vipimo safi ni tiba pia kwa mtu mwenye wasiwasi. Mtaje daktari kila dawa unayotumia, maana zipo za presha na za sonona zinazoleta shida hii. Na kama kusimama kwa alfajiri kutapotea, au hamu yenyewe ikakuisha kabisa kwa mke na kwa kila kitu, au ukawa huli, hulali, huoni raha ya lolote, hapo habari imebadilika na usitumie jibu hili, njoo uonwe.

Uonwe wapi? Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, uliza mwanasaikolojia au daktari wa afya ya akili. Najua nikimwambia mtu wa Dodoma "afya ya akili" anasikia Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, na anaona majirani watasema ameshachanganyikiwa. Daktari wa kawaida wa kliniki anaweza kukuanzishia na kukupa rufaa ikihitajika. Nenda na mkeo. Wanandoa waliokuja wawili huwa rahisi zaidi kuwasaidia.

Limebaki la mama mkwe. Kitaalamu hatuanzi kusema mtu amechelewa kupata mimba mpaka mwaka mzima wa kujamiiana mara kwa mara bila kinga upite, na ninyi hata hamjaanza kuhesabu. Tena hesabu za siku za hatari mziweke kando kwa sasa, zinarudisha lile la leo lazima kwa mlango wa nyuma. Akiuliza tena mjukuu, mkeo ndiye ajibu, ni mama yake: "Tuombee, mama." Halafu amuulize habari ya mahindi shambani.